Tuzo tumepata, tenda je?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee kuhusu hizi kongamano za haki na uchumi ambazo siku hizi haziishi hapa Kisumu. Sina shida na kuheshimu watu wa mtaa waliojitolea, kuna akina mama Nyalenda na Manyatta wamelea mayatima wa wenyewe miaka nenda miaka rudi bila mtu kuwaambia asante. Shida yangu ni kwamba jioni ikifika sisi tunarudi nyumbani na tuzo ya kioo na tisheti, na wenye pesa wanarudi na pesa zao.

Ile ya juzi kikundi chetu ndicho kilipewa kazi ya chakula. Mgeni wa heshima akasema mama ndiye uti wa mgongo wa uchumi, makofi yakapigwa, na saa hiyo sisi tuko nyuma ya hema tunasugua masufuria na jivu, na pesa ya samaki tulikopa kwa chama kwa sababu diposti hatukupewa. Mpaka leo nikipiga simu naambiwa invoisi iko kwa mtu wa akaunti, na mtu wa akaunti naye yuko semina. (Semina ya nini sijui, labda ya haki.)

Na si ati sheria haipo. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 kinataja haki za kiuchumi na kijamii, halafu 2013 serikali ikasema asilimia 30 ya tenda zake ziende kwa vijana, akina mama na walemavu, hiyo ndio tunaita AGPO, na sheria ya ununuzi ya 2015 ikaiandika kabisa. Cheti cha AGPO tunacho, tumekibandika ukutani. Lakini ukipata tenda unaambiwa leta mali kwanza utalipwa baadaye, na hiyo baadaye inaweza kuvuka mwaka huku mkopo unazaa riba kila mwezi, kwa hivyo mwenye mtaji anangoja na mama mboga anabebewa kochi na dalali. Wengine wamechoka wanawaazima tu wenye kampuni kubwa cheti chao, wanapewa kitu kidogo wananyamaza.

Marekani waliliona hili kitambo. Yale maandamano ya Washington ya Agosti 1963 tunayokumbuka kwa hotuba ya Martin Luther King yaliitwa maandamano ya kazi na uhuru, kazi ikitangulia. Halafu kule Chicago kuanzia 1966 Mchungaji Jesse Jackson akaongoza Operation Breadbasket, kampeni ya wachungaji ya kutafutia weusi kazi na biashara, na hapo ndio ningetaka waandalizi wetu wasome. Wachungaji walikuwa wanaenda kwa kampuni inayouzia mitaa ya weusi wanauliza, mmeajiri weusi wangapi na kwa kazi gani, leteni hesabu. Kampuni ikikataa, kanisani watu wanaambiwa msinunue pale. Ikikubali wanaandikiana mkataba, ajira, bidhaa za watengenezaji weusi kwa rafu, pesa ziwekwe kwa benki za weusi, hata kazi ya kuzoa takataka wapewe.

Na tusiseme hayo ni mambo ya wageni. Jaramogi Oginga Odinga alianzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation 1947, watu wakanunua hisa, kabla hata hajawa yule mwanasiasa tunayemjua.

Sasa hao mameneja wa benki na supamaketi wanaokaa meza ya mbele wakipigwa picha na washindi, kwa nini hawaulizwi hata swali moja? Samaki wanaouza wananunua kwa akina mama wa ufuo wa Dunga ama ni wale wa kutoka China? Mfagiaji ni wa hapa, sawa, lakini kandarasi ya kufagia ni ya nani? Sisi wenyewe nao tukialikwa tunauliza tu transport ni ngapi.

Waandalizi, mwaka ujao anzeni na hao wa meza ya mbele. Wasimame waseme wamempa nani kazi, ya pesa ngapi, na walilipa baada ya siku ngapi, tuzo zije baadaye. Na mkitaka tupike tena tutapika, ila nusu ya pesa iingie kwa simu kabla hatujawasha moto.

Mwanachama wa kikundi cha akina mama,
Nyalenda, Kisumu