Kivungulio mlichoniuzia ni cha Limuru, mimi naishi Malindi

Muyeye,
Malindi
17 Februari 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: KIVUNGULIO KISICHOFAA HALI YA HEWA YA PWANI NA SHILINGI 60,000 MNAZONIDAI

Nimepokea ujumbe wenu mwingine wa simu ukinitaka nimalize shilingi 60,000 zilizobaki, la sivyo jina langu litapelekwa kwa wakusanya madeni. Naujibu kwa barua kwa sababu kila nikipiga simu hupokewa na mtu mpya, naye huanza kwa kuniuliza nilinunua nini. Sijakataa kulipa deni. Ninachokataa ni kumalizia bei ya kivungulio, yaani nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea, kisichofanya kazi mliyoniahidi, na hapa nitaeleza yote ili atakayesoma asiwe na haja ya kuniuliza tena.

Wakala wenu alinikuta nyumbani mwezi wa Juni mwaka jana. Aliniuliza mambo mawili: kiwanja changu cha nyuma kina ukubwa gani, na nitalipa taslimu au kwa awamu. Hakuuliza upepo unatoka wapi, maji nayapata wapi, wala bahari iko umbali gani, ingawa pale tulipokuwa tumesimama mawimbi yalikuwa yakisikika. Alinifungulia kijitabu chenye picha za vivungulio vya Limuru na Naivasha, nyanya zimening'inia kama taa za harusi, akaniambia nami nitavuna hivyo hivyo. Bei ilikuwa shilingi 180,000 pamoja na ujenzi, mipira ya kumwagilia kwa matone, tangi, mbegu na "upimaji wa udongo na maji". Nikalipa 120,000.

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Naivasha inakaribia 1,900. Mkulima wa huko ananunua plastiki ili joto la mchana lisimtoroke usiku, na ili mvua na ukungu visimwozee majani. Sisi huku joto tunalo la kugawa. Mkulima wa Malindi akijenga kivungulio, anachotafuta ni kivuli, kuzuia wadudu, na paa la kukinga mvua ya masika. Kitu kinachofungia joto ndani kinamfanyia kinyume cha alichotaka, na kampuni inayojitangaza kuwa na uzoefu wa nchi nzima ilipaswa kulijua hilo kabla ya kupakia vyuma kwenye lori.

Mlichonijengea kina mita 6 kwa 12. Pembeni kimo chake ni mita 2, katikati 3. Kwa joto la hapa hicho ni kifupi, maana hewa moto haina pa kupandia ikaiachia mimea nafasi. Ukanda wa wavu mlioacha kila upande ni wa sentimita 40 tu. Nilipima kwa tepu. Pande zote mbili hazifiki mita 10 za mraba, wakati sakafu ni mita 72 za mraba. Kipimo kinachofundishwa kwa sehemu za joto ni matundu ya hewa yafikie angalau robo ya sakafu, na pwani heri yazidi. Hata nikiongeza lile tundu la kwenye paa, robo haifiki. Isitoshe, wavu wenyewe ni ule wa vitundu vidogo kabisa wa kuzuia inzi weupe. Ni mzuri kwa kazi hiyo, lakini hupunguza sana upepo unaopita, ndiyo maana penye wavu wa aina hiyo eneo la kupitisha hewa huongezwa. Nyinyi mmelipunguza.

Mwezi wa Januari nilitundika kipimajoto katikati, kwenye kimo cha maua, kivulini mwa majani. Saa nane mchana kilisoma nyuzi 43. Nje, chini ya mwarobaini, kilisoma 32.

Miche yenyewe ilikua, hilo silikatai. Ilipanda kamba hadi ikagusa waya wa juu, mashina manene, na kila aliyeingia uani akasifu. Kisha yakaja maua. Ukilishika ua la nyanya ukalitazama vizuri utaona kikonyo chake kina kifundo katikati. Kifundo hicho ndicho kilichoanza kugeuka rangi ya manjano, ua lenyewe likiwa bado limechanua. Ukiligusa kwa kidole linakatika pale pale. Asubuhi tulikuwa tunayafagia. Joto la mchana likipita nyuzi 35, na usiku usipopoa hadi chini ya nyuzi 21 hivi, chavua ya nyanya, ule unga wa ua, hupoteza nguvu na ua halishiki tunda. Usiku wa Januari Malindi ni nadra kushuka chini ya 22 hata nje, kwenye upepo. Ndani ya plastiki yenu, msiniulize.

Nilimtumia picha mtaalamu wenu wa kilimo. Akaniandikia ninunue dawa ya kupuliza yenye boroni, ambayo kwa bahati nzuri mnaiuza nyinyi wenyewe. Nikainunua. Maua yakaendelea kuanguka, safari hii yakiwa na boroni. Nilipomrudia akasema basi niache mlango wazi mchana kutwa. Yaani nimelipia wavu wa kuzuia wadudu, halafu nibane mlango kwa jiwe ili waingie kwa raha zao. Nao waliingia: ukitikisa jani, inzi weupe wanaruka wingu zima.

Sasa upepo. Mtu yeyote wa hapa angewaambia bila malipo kwamba kusi na kaskazi si pepo za nguvu sawa. Kusi ndiyo kali, hasa Juni hadi Agosti, na fundi wenu alijenga Julai, kusi ikimpeperushia kofia. Bado akalielekeza tundu la paa huko huko inakotoka. Tundu la juu hutakiwa liupe mgongo upepo mkali, ili upepo ukipita juu ya paa uivute nje hewa moto ya ndani. Letu likageuka kinywa. Kusi iliingia kwa juu, ikaifurisha plastiki, na Agosti haikuisha kabla haijachanika ukingoni, pale ilipopigiliwa misumari na vipande vya mpira wa baiskeli. Kwenye ankara mmeandika reli za kubania plastiki na waya wake. Sijaviona hadi leo. Jirani yangu mmoja aliyekuwa akitazama ujenzi alimweleza fundi kuhusu upepo. Akajibiwa kwamba ramani ndivyo inavyosema.

Kutu sitairefusha. Kijitabu kinasema chuma chote kimechovywa zinki. Nguzo, ndiyo. Skrubu na bawaba za mlango, hapana: michirizi ya kahawia inashuka hadi nusu ya nguzo, na bawaba ya chini imekwisha kukatika. Hewa ya bahari haina subira na chuma kitupu.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni maji, kwa sababu hapo mlitoza pesa kwa kazi isiyofanyika. Ankara inaonyesha shilingi 4,500 za kupima udongo na maji. Hakuna aliyechota hata kikombe. Nina kisima, na kama visima vingi vya upande huu wa bahari, maji yake yana chumvi. Sabuni ikisuguliwa humo haitoi povu la maana. Fundi aliunganisha pampu ya kisima na tangi lenu la lita 1,000, akafungua bomba, matone yakatoka, akapiga picha, akaondoka na basi la jioni. Leo kila tundu la matone lina ganda jeupe, na mengine yameziba kabisa, kwa hiyo mche mmoja unakunywa na jirani yake unakauka. Ganda hilo hilo liko juu ya udongo kuzunguka mashina.

Shamba la wazi, masika ikinyesha, mvua huishusha chumvi chini ya mizizi. Chini ya paa la plastiki mvua haifiki, na chumvi yote ya kisima inabaki pale pale msimu hadi msimu. Mngepima, mngeniambia nichanganye na maji ya mfereji, ambayo hutoka Baricho kwenye mto Sabaki na ni matamu, au mngefunga mifereji ya mvua ukingoni mwa paa. Paa la mita 72 za mraba likipata mvua ya milimita 10 tu hukusanya lita 700 hivi. Hiyo ni mvua ya alasiri moja ya Mei. Badala yake maji matamu yanamwagika nje na kuchimba shimo kwenye njia, huku ndani tunamwagilia chumvi.

Msidhani nadai lisilowezekana hapa. Upande wa Ganda, hapa hapa Malindi, kuna mama aliyejenga kwa nguzo za mvinje: pande zote nne ni wavu kutoka chini hadi juu, plastiki iko juu tu, na miezi ya kaskazi hutandaza neti ya kivuli juu yake. Ukisimama ndani unasikia upepo shingoni. Mchwa watazila nguzo zake baada ya miaka michache, naye anajua, lakini pilipili hoho zake zinafika sokoni. Zangu hazijafika popote.

Waranti yenu ni ya mwaka mmoja tangu ujenzi ukamilike na haijaisha. Hata isingekuwapo, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ya habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, katika kifungu cha 16 inagusa hali kama hii hasa: mnunuzi akimweleza muuzaji anataka kitu kwa kazi gani, akategemea ujuzi wake, na kukiuza ndiyo biashara yake, basi kitu hicho sharti kifae kwa kazi hiyo. Niliwaambia nataka kulima nyanya na hoho, Malindi. Jina la mji liko kwenye ankara yenu, kwa mwandiko wa wakala wenu.

Kwa hiyo ninataka hivi. Mtume fundi aondoe plastiki ya pembeni na aweke wavu kuanzia chini hadi kwenye ukingo wa paa, pande zote nne. Ageuze tundu la juu liipe kusi mgongo. Afunge reli na waya nilizokwisha kutozwa. Abadilishe skrubu na bawaba kwa zisizoshika kutu. Na aweke neti ya kivuli na mifereji ya mvua. Mipira ya matone iliyoziba ibadilishwe baada ya maji kupimwa kweli, na majibu ya kipimo nipewe kwa maandishi. Kazi hiyo ikiisha na nikaridhika, nitalipa 60,000 siku hiyo hiyo kwa M-Pesa. Mkiona gharama ni kubwa, njooni mng'oe vyuma vyenu na mnirudishie 120,000 pamoja na bei ya boroni. Katika hali zote mbili, ujumbe wa wakusanya madeni ukome.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitapeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na kufungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Sitahitaji wakili, nina ankara, picha na tepu.

Mkimtuma fundi, apige simu siku moja kabla, maana mchana lango la ua hufungwa tukiwa kazini. Tafadhali asiwe yule wa kwanza.

Nimeambatisha nakala za ankara, risiti za malipo, cheti cha waranti, mazungumzo na mtaalamu wenu, na picha za paa, skrubu, mipira na kipimajoto.

Wenu,
Mteja wa Muyeye