Wa Kufa na Kuzikana

Houston, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu nilikukatisha. Uliniambia unataka kuingia sororiti, kile chama cha udada cha wanafunzi wa kike, hapo chuoni kwenu Howard, Washington, nikakujibu, "Umeenda kusoma au kucheza?" Ukanyamaza, kisha ukaniaga kwa upole. Upole ule umeninyima usingizi. Nisamehe, mama. Nilisema kabla sijafikiri.

Unakumbuka nilipokuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee? Palikuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ameshapita miaka 90. Hakujaliwa mtoto, mume alishatangulia, ndugu zake wote wamekwisha. Walikuwapo wazee wenye watoto watano waliomaliza mwezi mzima bila mtu wa kuwabishia hodi. Yeye hakukosa mgeni. Nikichelewa kutoka Jumamosi asubuhi nawakuta, wanakuja kwa kupokezana, leo mtu mzima, wiki ijayo binti mdogo. Mmoja alikuwa akija na beseni lake dogo. Anamlowesha bibi vidole kwenye maji ya uvuguvugu, anamkata kucha taratibu, anamfuta kwa taulo, kisha anampaka rangi ya waridi, kidole kimoja kimoja, akipuliza ikauke. Nikamuuliza kama ni mama yake. Akasema, "Ni dada yangu." Wamepishana miaka 50! Wote wawili ni wa sororiti moja, Alpha Kappa Alpha. Bibi aliingia akiwa mwanafunzi, enzi zile ambapo mtu mweusi huku Texas alikuwa na mlango wake na bomba lake la maji.

Alipofariki walikuja wengi, wamevaa nyeupe, wakamwimbia. Nilisimama kwenye korido nikalia. Nilikuwa namlilia mama yangu, bibi yako wa Tanga, ambaye sikwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi. Na huyu asiye na mtoto amezikwa na watu wake.

Kwangu hiyo ndiyo faida iliyo kubwa. Uanachama wao hauishi siku ya mahafali, ni wa maisha. Ukipata kazi mji usiomjua mtu, utakuta matawi ya waliokwisha kuhitimu, na humo kuna atakayekupokea uwanja wa ndege. Mimi nilifika nchi hii na sanduku moja, nikabeba boksi miaka mitatu kabla ya kupata mtu wa kumwambia naumwa. Sitaki uyaonje hayo.

Na wala si jambo la kigeni kama nilivyolipokea. Bibi yako alikuwa mtu wa lelemama, ile ngoma ya wanawake wa Pwani. Walikuwa na sare, na viongozi wenye vyeo, na michango, na mashindano na kikundi cha mtaa wa pili. Mmoja akifiwa, wote wapo jikoni kwake. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, na mwaka 1955 alipoanza kuwaita wanawake waingie TANU, chama cha kudai uhuru, aliwapitia viongozi wa vikundi vya namna hiyo, kwa sababu wanawake walikuwa wameshajipanga humo. Sasa tazama hapo ulipo. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa Howard Januari 1908, miaka 43 tu tangu utumwa ukomeshwe Marekani. Januari 1913 wasichana 22 wakaanzisha Delta Sigma Theta hapohapo, na haikutimia miezi miwili, tarehe 3 Machi, wakaingia barabarani Washington kwenye maandamano ya kudai wanawake wapige kura, ilhali wenye maandamano walitaka wanawake weusi wakae nyuma. Ndio wana lelemama hao! Hata ule ukelele wao wa kuitana, mara ya kwanza kuusikia nilidhani ni kigelegele.

Kuhusu kazi na vyeo sina mengi. Kamala Harris, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani, aliingia Alpha Kappa Alpha hapohapo kwenu mwaka 1986, najua mtu akisikia hivyo anaona ngazi ya kupandia. Mimi naona zaidi mambo madogo: kuendesha kikao, kuandika muhtasari, kushika hela za wenzako na kuzitolea hesabu hadi senti. Wewe ni mkimya. Tangu shule unajua jibu na hunyooshi mkono. Ukiwa na wenzako wanaokutegemea usimame useme, utasimama.

Ila sikia hili, na hapa sibembelezi. Wasichana na wavulana wameumia, wengine wamekufa, kwa kupigwa, kunyweshwa pombe na kukeshwa eti wanajaribiwa. Vyama vyenyewe vimekataza, na sheria iliyosainiwa Desemba 2024 inavidai vyuo vitangaze hadharani matukio hayo. Lakini katazo halimfikii mtu aliyeko chumbani saa nane usiku. Akikwambia mtu, awe nani, piga magoti, kunywa hiki, usimwambie mama yako, basi hapo toka. Usiage. Nipigie saa yoyote. Dada hakutesi ili akupende.

Ulisema ada ni kubwa na unaona haya kuniomba. Usikope. Zamu yangu ya upatu ni mwezi ujao, nilikuwa nimeiwekea jokofu, na jokofu hili bado linagandisha. Hukuniambia ni chama kipi, na ulisema halitangazwi mpaka upokelewe, kwa hiyo sijamwambia hata shangazi yako.

Kuhusu lile gauni jeupe ulilosema utalihitaji, usinunue. Kitambaa ninacho, kile baba yako alichokileta kutoka Dar. Nitumie vipimo vya kifua, kiuno na urefu, upimwe na mtu, usijipime mwenyewe.

Mama yako