Kilo ya gesi si lita ya petroli

Mhariri,

Bei ya gesi asilia ya magari hutajwa kwa kilo, ya petroli kwa lita, na madereva wengi hapa Dar es Salaam huzilinganisha hivyo hivyo. Wanakosea hesabu. Kilo moja ya gesi hiyo, ambayo karibu yote ni methani, ina nishati ya megajuli 48 hivi. Lita ya petroli ina 32. Gawanya bei ya kilo kwa 1.5, ndipo ulinganishe.

Shida ya gesi ni nafasi. Mtungi wa lita 60 ukijazwa hadi presha ya baa 200 hubeba kilo 10 hivi, sawa na lita 15 tu za petroli. Hapo ndipo lawama huanza. Gesi ikijazwa haraka hupata joto, presha inafika 200 mtungi ukiwa haujashiba. Ukipoa, geji inashuka na dereva anadhani ameibiwa au kuna mvujo. Soma kilo ulizouziwa, siyo geji. (Ukisikia harufu, hilo ni jambo jingine: funga valvu ya mtungi mara moja.)

Gari kupungua nguvu kidogo mlimani ni kawaida, kwa kuwa gesi huchukua sehemu ya nafasi ya hewa ndani ya silinda. Ila injini ikianza kumisi, angalia plagi kwanza. Methani inataka cheche kali kuliko petroli.

Tunaomba vituo viandike ubaoni, kando ya bei ya kilo, bei ya gesi inayolingana na lita moja ya petroli.

Mafundi wa mifumo ya gesi,
Dar es Salaam