Mzigo wa Mgeta: siku imebadilika

Habari za jioni ndugu zangu,

Mzigo wetu wa mboga kutoka Mgeta, kule milima ya Uluguru, Morogoro, hautafika Jumamosi tena. Mvua imeharibu barabara ya kushuka Uluguru, na wakulima wameomba tusiwaharakishe kuvuna mboga zikiwa zimelowa. Zingeozea njiani kabla ya kuiona Dar. Kwa hiyo ni Jumapili, saa 2 asubuhi, palepale uwanjani.

1. Mchango ni shilingi 25,000 kwa kapu: karoti, kabichi, viazi na njegere. Tuma kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 12 jioni, maana wakulima tunawalipa kabla hawajapakia.
2. Njoo na kapu au kiroba chako. Mifuko ya plastiki, mnajua wenyewe, marufuku tangu 2019.
3. Nahitaji watu wanne wa kupima na kugawa. Mzani upo.

Njegere safari hii ni chache, atakayepata kidogo asininunie. Nyanya nimeziacha makusudi: mara ya mwisho tuligawana rojo.

Tafadhali jibu hapa leo: jina, idadi ya makapu, na kama utasaidia kugawa. Asiyejibu nitahesabu hayumo.

Asanteni sana.