Kitwitwi wa Wilstone

Aylesbury, Uingereza
Mwisho wa Agosti

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, na hela ya dawa nimemtumia dada juzi. Najua barua hii anakusomea yeye. Mwambie asiruke mahali.

Jana sikuwa na zamu, nikapanda baiskeli alfajiri hadi bwawa la Wilstone. Ni moja kati ya mabwawa manne ya Tring, yaliyojengwa zamani kuupa maji mfereji wa mashua ziendazo London. Kiangazi kikiwa ukingoni maji hushuka, tope likabaki wazi, kama Pangani bahari inapokupwa.

Hapo topeni, hatua kama kumi kutoka nilipochuchumaa, alikuwepo kitwitwi. Babu, yule yule! Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na ule weupe ukipanda begani mbele ya bawa. Hatulii: anadonoa, anatikisa mkia, anadonoa tena, anatikisa. Alipogutuka aliruka chini chini, mabawa yamekakamaa, karibu yaguse maji, akilia twii-twii-twii. Nikakusikia ukiniambia ndani ya ngalawa, "Muone, anaamkia maji." Ilibidi nishushe darubini, macho yalikuwa yamejaa.

Nimeuliza habari zake. Wa huku wengi hushukia Afrika Magharibi. Wa kwetu hutoka mbali zaidi, upande wa Urusi. Basi huyu si yule unayemwona wewe, ila ni wa ukoo mmoja.

Yangeyange nao wapo, saba nimewahesabu, miguu myeusi na nyayo za manjano kana kwamba wamekanyaga bizari. Kwa zama hizi walianza kuzaliana Uingereza mwaka 1996, kisiwa cha Brownsea kule kusini. Sasa wamelowea, hata baridi ikija hawaondoki wote.

Na mbayuwayu! Nyaya zote za shambani zimejaa, makinda ya mwaka huu bado mikia mifupi. Ndege wa gramu 20 hivi, naye anajiandaa kuvuka Sahara mpaka Afrika Kusini, karibu kilomita 10,000. Mwaka 1911 mmoja alivishwa pete mguuni Staffordshire, huku Uingereza. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini, ndipo watu wa huku wakapata uhakika wanakokwenda. Nilikaa chini yao mpaka saa tano, chai imepoa kwenye chupa. Ghafla kozi mdogo alipita, wote wakapaa kwa kelele moja, nyaya zikabaki zinatikisika.

Babu, nadhani kitwitwi wa kwanza wamekwisha kufika kwenu. Ukishuka pwani, tazama kwenye mizizi ya mikoko upande ule tulikokuwa tukifunga ngalawa. Nataka kujua ni wangapi, na kama bado wanayaamkia maji. Dada aniandikie siku hiyo hiyo.

Mjukuu wako