Barua ya wazi kwa Meneja Mkuu wa Titans: Cam Ward apewe watu atakaozoeana nao

Nashville, Tennessee
Julai 2025

Ndugu Mike Borgonzi,
Meneja Mkuu,
Tennessee Titans

YAH: WAPOKEAJI WA CAM WARD

Ndugu Meneja,

Salaam nyingi. Hoja yangu ni Cam Ward, kwotabeki wetu mpya, yaani mtupaji wa mipira katika mpira huu wa Kimarekani, na wapokeaji wake, wale wanaoidaka mitupo yake. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofikiria mpira, na kwa sababu hapa Nashville tuko wengi tunaoizungumza, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, na watoto wetu huvaa jezi zenu. Ukihitaji mtu wa kukusomea barua hii hutakosa, maana hatukai mbali na uwanja.

Naanza na Januari 22, 2022, ingawa siku hiyo ulikuwa bado Kansas City. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikaukosesha mwili usingizi ili nitazame mechi na mwanangu. Cincinnati walikuja kwetu kwenye mtoano. Vijana wetu walimwangusha kwotabeki wao, Joe Burrow, mara 9. Kwotabeki aliyelambishwa nyasi mara tisa kwa kawaida huwa ameshashindwa, na sisi pale sebuleni tulishaanza kupanga mechi inayofuata tungeitazamia kwa nani. Matokeo yakawa 16 kwa 16. Zikiwa zimebaki sekunde 20 hivi, mpira wa kwotabeki wetu, Ryan Tannehill, ukadakwa na adui. Burrow, na maumivu yake yote, akasimama akamtupia mpokeaji wake Ja'Marr Chase pembeni, yadi 19. Mpigaji wao wa mateke, Evan McPherson, akapiga teke la yadi 52, mpira ukapita katikati ya nguzo, 19 kwa 16. Mwanangu aliingia chumbani bila kusema neno.

Nimeutazama mtupo ule mara nyingi tangu siku hiyo. Burrow hakuwa anamtafuta mtu, alikuwa anajua Chase atakuwa wapi. Walikuwa pamoja chuo kikuu cha LSU mwaka 2019, mwaka ambao Chase alidaka yadi 1,780 na tachidauni 20, yaani mipira iliyofikishwa mwisho wa uwanja wa adui, na timu yao ikashinda mechi zote 15. Mwaka 2021 Cincinnati walikuwa na chaguo la tano kwenye drafti, pale timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Burrow alikuwa anauguza goti, na watu wengi walisema wamchukue Penei Sewell, jitu la kumlinda. Sewell amekuwa mlinzi hodari kweli kule Detroit, kwa hiyo waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Lakini Cincinnati walimchukua Chase, na mwaka wake wa kwanza tu alidaka yadi 1,455, timu ikafika Super Bowl, fainali ya ligi. Kocha wako Brian Callahan alikuwa ndani ya nyumba ile, akiratibu mashambulizi yao. Muulize. Ana mengi ya kukueleza kuliko mimi.

Mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako mpira ni wa miguu na hakuna mwingine. Huko kiungo mzuri husifiwa kwa pasi mpenyezo, ile anayoipiga mahali ambapo winga bado hajafika. Ukiwa mgeni unadhani amekosea. Winga akikosa kuielewa, kweli imekosewa. Nilipofika Marekani nikaanza kuutazama mchezo wenu, kilichonishika ni hicho hicho: mpokeaji anakimbia hatua zake, anageuka, na mpira uko hewani tayari tangu kabla hajageuka. Kwotabeki ana sekunde mbili na nusu hivi, wakati mwingine hata hizo hana. Hawezi kungoja aone. Lazima aamini.

Sasa tuje kwa kijana wetu.

Ulipomchagua Ward namba moja mwezi Aprili, mtaani kwetu tulishangilia, na Warren Moon, kwotabeki gwiji wa zamani wa klabu hii, alipokubali jezi yake namba 1, iliyokuwa imestaafishwa, ivaliwe tena, wazee hapa walisema hiyo ni baraka. Lakini Ward si kwotabeki wa kawaida, na sijaona bado kama kila anayewaza kuhusu wapokeaji wake anaanzia hapo. Shule yake ya sekondari huko West Columbia, Texas, ilikuwa ya kukimbiza mpira, mitupo michache mno, na vyuo vikubwa havikumwona. Akaanzia chuo kidogo cha Incarnate Word, akaenda Washington State, akamalizia Miami, na msimu wa 2024 akatupa yadi 4,313 na tachidauni 39. Kwa kupanda ngazi hivyo alijifunza kujitegemea. Mpango ukivunjika, yeye hauachi mchezo. Anatoka nje ya ukuta wake wa walinzi, anarudi nyuma, anazunguka, anatupa kwa pembeni ya bega kama mtu anayerusha jiwe juu ya maji. Ana ubishi wa kuuweka mpira mkononi muda mrefu. Uzuri wake na hatari yake vinatoka chungu kimoja.

Kwa hiyo mpokeaji wa Ward anatakiwa awe na kazi mbili. Ya kwanza ni kukimbia njia aliyopangiwa, na hiyo kila mtu katika ligi hii anaiweza. Ya pili inaanza pale njia inapokwisha na Ward bado ana mpira. Aliye mbali arudi kwa mtupaji, aliye karibu aende mbali, wengine watiririke upande ule ule anaokimbilia. Sheria hizo zinafundishwa kila mahali. Kinachokosekana ni jicho. Ni kujua, kwa ishara ndogo tu ya bega lake, kama Ward anataka kutupa au anataka kukimbia. Jicho hilo haliji kwa kununuliwa, wala halipimwi kwa saa ya mbio za yadi 40.

Ndiyo maana naomba kwanza kwa ajili ya Xavier Restrepo. Huyu hakuitwa na timu yoyote kwenye drafti, kati ya majina zaidi ya 250, kwa sababu kubwa moja: alikimbia yadi 40 kwa zaidi ya sekunde 4.8, na kwa mpokeaji hiyo ni kama hukumu. Lakini mtu huyo huyo ndiye anayeongoza historia nzima ya Miami kwa kudaka mipira na kwa yadi, chuo kilichowatoa Reggie Wayne na Santana Moss. Mwaka 2024, Ward akitupa, alidaka mipira 69, yadi 1,127, tachidauni 11. Mlimsajili, na nakushukuru kwa moyo wote. Ninachoomba ni asije akawa pambo la kumfurahisha kwotabeki, kisha mwishoni mwa Agosti, mnapowapunguza wachezaji hadi 53, akaambiwa kwaheri. Kama nafasi haipo, abaki kikosi cha mazoezi. Kila siku Ward akitupa na mtu anayemjua, wapokeaji wengine wanaona kwa macho yao jinsi ya kumsoma.

Tyler Lockett, mpokeaji mkongwe uliyemsajili, ni jambo jingine, na hapo nadhani umefanya kazi nzuri kuliko watu wanavyokupongeza. Wanasema ni mzee, na kweli Septemba anatimiza miaka 33. Lakini miaka mingi kule Seattle alicheza na Russell Wilson, kwotabeki mwingine wa kukimbiakimbia na kutengeneza kitu pasipo kitu. Mwaka 2018 mitupo ya Wilson kwenda kwa Lockett ilipata alama 158.3, na juu ya hapo hakuna alama nyingine, ndio mwisho wa kipimo. Mtu aliyeishi hivyo anajua kitu ambacho vijana wako hawajawahi kuona. Hata asipodaka mipira mingi, akae chumba kimoja na wapokeaji wetu wapya, Elic Ayomanor na Chimere Dike, awaonyeshe kwenye video: hapa nilirudi kwa sababu hii, hapa nilikaa.

Na vijana hao wapewe muda wa kweli. Mmewachukua wote wawili raundi ya nne, hawana majina makubwa, na najua desturi ya kambi: wageni hucheza na kwotabeki wa pili au wa tatu, wakongwe hucheza na wa kwanza. Kwa mwaka huu ningeomba desturi hiyo ilegezwe. Ward naye ni mgeni. Ayomanor ndiye aliyewadakia Stanford yadi 294 dhidi ya Colorado mwaka 2023, usiku waliotoka nyuma 29 kwa 0 wakashinda 46 kwa 43. Mtoto asiyekata tamaa akiwa nyuma kwa alama 29 anafaa kukua pamoja na kwotabeki asiyekata tamaa mpango ukivunjika. Kama wataanza kuzoeana Novemba, tutakuwa tumepoteza msimu. Waanze mwezi huu.

Calvin Ridley sina wasiwasi naye. Mwaka jana, katikati ya msimu mbovu wa ushindi mara 3 tu, alifikisha yadi 1,017. Anajua kuachana na beki. Yeye na Ward wanahitaji mitupo mingi tu, na Chig Okonkwo vilevile.

Hofu yangu iko kwingine. Tukianza vibaya, na timu changa huanza vibaya, kelele zitapanda hapa mjini: nunua jina kubwa! Nakuomba kabla ya kununua ukumbuke mambo mawili.

La kwanza ni la kwetu, na bado linauma. Aprili 2022, usiku wa drafti, mpokeaji wetu A.J. Brown alipelekwa Philadelphia, na kwa chaguo la 18 tukamchukua Treylon Burks badala yake. Mwanangu alikuwa na jezi ya Brown, namba 11. Brown na Jalen Hurts, kwotabeki wa Philadelphia, walikuwa marafiki kabla hawajawa timu moja, na msimu ule ule wa kwanza Brown alidaka yadi 1,496. Desemba tukaenda Philadelphia tukafungwa 35 kwa 10, Brown akidaka tachidauni 2 mbele yetu. Burks ameandamwa na majeraha, maskini, simlaumu, na misimu yake mitatu yote kwa pamoja haifikii yadi 1,000. Februari mwaka huu Philadelphia wametwaa ubingwa dhidi ya timu uliyotoka wewe, 40 kwa 22, Brown na DeVonta Smith kila mmoja akidaka tachidauni. Tuliuza kitu ambacho kwotabeki mwingine alikuwa tayari anakijua thamani yake.

La pili ni la Carolina. Mwaka 2023 walitaka sana chaguo la kwanza ili wampate Bryce Young, wakatoa machaguo kadhaa na wakamwongeza DJ Moore, mpokeaji wao bora. Yaani walimnunua mtupaji kwa kumtoa mdakaji. Young akapewa Adam Thielen aliyekuwa na miaka 33 na wengine wa kuokoteza. Aliangushwa mara 62, timu ikashinda mara 2 kati ya 17, na watu wakasema kijana hafai. Mwaka huo huo Moore alidaka yadi 1,364 akiwa Chicago. Wewe umempata Ward bila kumtoa mtu, na hiyo ni neema. Lakini kijana anaweza kuachwa peke yake hata bila kuuza mtu.

Sisemi lazima watoke chuo kimoja. Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo, na mpokeaji Stefon Diggs hawakuwa na historia yoyote pamoja, na Buffalo walitoa chaguo la raundi ya kwanza kumpata Diggs mwaka 2020. Mitupo ya Allen inayofika ilitoka asilimia 58.8 hadi 69.2 kwa mwaka mmoja. Allen alikuwa na mkono wa ajabu ila mipira mingi ilipotea, na Diggs ni fundi wa kuachana na beki mapema na kumpa mtupaji shabaha iliyo wazi. Pengo na kiraka vilipimana. Kama siku moja utanunua, nunua kwa namna hiyo. Kaa na Ward, washa video, muulize: mitupo yako ipi hukosa mtu? Halafu mtafute mtu huyo, hata jina lake likiwa geni kwenye magazeti.

Na ukuta, Ndugu Meneja, sijausahau. Umemleta Dan Moore upande wa kushoto na Kevin Zeitler katikati, vizuri. Mpokeaji hawezi kurudi kumsaidia mtu aliyekwisha kulala chini. Ila Burrow alilala chini mara tisa hapa hapa kwetu, akainuka, na kulikuwa na mtu mmoja aliyemwamini.

Septemba 7 mnaanza Denver. Kabla ya hapo, siku ambazo mazoezi yatakuwa wazi kwa mashabiki, nitakuwa pale karibu na uzio na mwanangu, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi. Jezi ya namba 11 haimtoshi tena. Anataka namba 1, na nimemwahidi nitamnunulia nikipata mshahara wa mwezi huu. Tutakuwa tunaangalia ni nani anasimama mbele ya Ward mipira ya kwanza ikianza kurushwa asubuhi.

Wako katika mchezo,
Mzazi na shabiki wa Titans, Nashville