Mdogo wangu, hii ni filamu ambayo steringi anaiba

Mdogo wangu,

Simu yangu hupokei, na siku ukipokea unasema uko na abiria, wakati sote wawili tunajua pikipiki huna tangu iibwe. Kwa hiyo nakuandikia hapa hadharani. Mkeo husoma kila ninachobandika. Atakusomea hata kama umejifunika shuka gubigubi.

Sikuandikii habari za pikipiki. Nakuandikia habari za filamu.

Unakumbuka kibanda umiza cha mjomba pale Korogwe? Mabenchi manne, deki moja, televisheni yenye mstari wa kijani pembeni, na gunia mlangoni ili wasiolipa wasichungulie. Mjomba anakaa juu ya kreti la soda na maikrofoni yake, anatafsiri kanda za kareti. Kichina chake hakikufika hata cha kuombea maji. Adui alimpa jina la mwenye duka aliyekuwa akimdai, na mazungumzo yakiwa marefu alisema tu, "Hapa wanashauriana." Tukaridhika. Wewe ulikaa mbele kabisa, na kila steringi akipigwa ulipiga kelele: "Steringi hafi!" Zikiwekwa kanda za Kihindi, bibi alianza kulia kabla mjomba hajafungua mdomo. Basi usiniambie huangalii filamu ambayo huijui lugha yake. Umekulia humo.

Nataka uanze na ya Waitaliano. Inaitwa Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli, ya Vittorio De Sica, mwaka 1948. Haina rangi, usikunje uso. Roma imetoka vitani na kazi hakuna. Antonio Ricci amekaa kijiweni na wenzake wasio na kazi, mara jina lake linaitwa: kuna kazi ya kubandika matangazo ukutani, sharti uwe na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe, Maria, anavua mashuka kitandani na kuyapeleka rehani ili baiskeli itoke. Hapo kuna kipande nilichokirudisha nyuma mara tatu. Karani analichukua furushi la mashuka na kupanda nalo kwenye rafu, anapanda, anapanda, na rafu zote mpaka darini zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Ndipo unapoelewa kwamba mji mzima unalala bila shuka.

Siku ya kwanza kazini, yuko juu ya ngazi anabandika picha ya Rita Hayworth, kijana anairukia baiskeli na kupotea nayo. Polisi wanaandika maelezo, kisha wanamwambia aitafute mwenyewe. Hapo sina haja ya kukutafsiria, RB yako ya polisi si unayo kwenye pochi?

Kinachofuata ni kuzunguka tu, yeye na mwanawe Bruno, mtoto mdogo ambaye tayari ana kibarua kwenye kituo cha mafuta. Wanapita sokoni wakikagua fremu, tairi, kengele, maana baiskeli ya wizi huuzwa vipande vipande. Mvua inawanyeshea. Ricci, ambaye alimcheka mkewe kwa kumwendea mpiga ramli, mwishowe anajipeleka mwenyewe kwa yule yule mama, na anachoambiwa ni kwamba ataipata sasa hivi au hataipata kabisa. Na analipa! Hata mjomba angemwambia hivyo bure.

Kabla ya hapo, kwa hasira anampiga mtoto kofi. Kisha anajuta, anampeleka hotelini wale vizuri walau siku hiyo moja, mkate wa jibini na divai, na pale pale mezani anaanza kupiga hesabu ya mshahara ambao angeupata kwa mwezi. Nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Nilikukumbuka wewe na hesabu ya bosi, elfu nane kila jioni, mvua ije, mafuta yapande.

Mwisho wake nakwambia kabisa, kwa sababu si filamu ya kufichiana mwisho. Steringi anaiba. Nje ya uwanja wa mpira zimeegeshwa baiskeli zisizohesabika, na moja imeachwa peke yake kando ya mlango wa nyumba. Anampa Bruno nauli ya tramu atangulie. Mtoto anaikosa tramu, kwa hiyo anaona yote: baba yake anakimbizwa, anakamatwa, anapigwa makofi, kofia inaanguka. Bruno anaiokota, anaipangusa vumbi. Mwenye baiskeli anamtazama yule mtoto kwa muda, kisha anasema mwachieni.

Kuna Mmarekani mmoja mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, inasimuliwa kwamba alikuwa tayari kuifadhili filamu hii iwapo Ricci angekuwa Cary Grant. De Sica akakataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwahi kuigiza. Akiwa katikati ya watu humtofautishi. Ni kama mtu yeyote wa kijiweni kwenu.

Sasa.

Siku ile nilipofika kwenu ulikuwa umekaa kwenye kigoda, umeinamisha kichwa. Zilikuwa zimebaki wiki tisa tu mkataba uishe, pikipiki iwe yako. Na mimi, dada mtu, nikasimama mlangoni, hata pole sikusema, neno langu la kwanza likawa, "Macho yako yalikuwa wapi?" Nikaendelea na loki, na supu, na mtu gani anaacha chombo nje akae ndani anakunywa supu. Mwanao alikuwa ameshika pazia la chumbani, anasikiliza. Ulipoinuka kutoka nje, helmeti ilianguka sakafuni. Aliiokota, akaifuta kwa pindo la shati la shule, akakaa nayo mapajani mpaka nilipoondoka. Filamu hii nilikuwa nimeiona zamani. Usiku ule niliitafuta tena.

Ya pili itakuchekesha, maana sitaki wifi aseme nakuletea msiba juu ya msiba. Ni Mandabi, ya Ousmane Sembène wa Senegal, mwaka 1968, na humo wanazungumza Kiwolof. Ibrahima Dieng, mzee wa wake wawili, watoto saba na kanzu pana, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara Paris. Zilizo zake yeye ni 2,000 tu, zingine ni akiba ya kijana na za mama yake kijana. Lakini mtaani habari imeshafika kwamba Dieng kapata hela, majirani wanapishana mlangoni kukopa. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Cheti kinataka tarehe ambayo yeye haijui. Kwa mpiga picha anaambulia kutokwa damu puani. Anayekuja mwishoni kumsaidia, amevaa suti, wa ukoo, ndiye anayezila.

Mimi pale stationery kina Dieng nawapokea kila siku. Juzi mzee mmoja kaja mara ya nne kutoa kopi ya barua ile ile ya mtendaji, kwa kuwa kila dirisha analofika wanabaki na kopi na kumwelekeza dirisha jingine. Alizihesabu sarafu moja moja juu ya kioo cha kaunta. Na mimi nilizipokea, mdogo wangu, nikamrudishia bahasha. Tangu niione Mandabi siwezi kumcheka mtu anayeuliza mara mbili fomu inajazwaje.

Ya tatu ni ya mwanao: Bacheha-ye Aseman, ya Majid Majidi wa Iran, 1997. Ali anapoteza viatu vya dadake Zahra, nyumbani hela hakuna, wanaamua kuvaa raba za Ali kwa zamu, dada asubuhi na kaka mchana, wakikimbizana vichochoroni kubadilishana. Kuna mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni raba. Sisemi zaidi. Ila mtazame mwanao usoni wakati wa zile mbio, usitazame kioo.

Nina moja nyingine ambayo sikuletei, naisema tu kwa kuwa wifi anasoma. Ni ya Mjapani Yasujiro Ozu, Tokyo monogatari, 1953. Wazazi wazee wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao mjini, watoto wana kazi, wana wateja, na mwisho wazee wanalipiwa hoteli ya mbali ili wapumzike huko. Anayeomba ruhusa kazini na kuwatembeza mji ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyepotea vitani. Mama alipokuja kwa matibabu, nani aliyekaa naye kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri? Mimi nilikuwa nafungua duka. Wifi, nilikuona. Sikuwahi kukwambia.

Jumapili saa kumi nakuja na laputopu na ile spika ndogo. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nitatafsiri kwa sauti kama mjomba, na nikikwama nitasema wanashauriana. Wifi usipike, chakula nakuja nacho. Tutaanza na ya raba, halafu mtoto akilala tutaweka ya baiskeli. Au asilale. Mwachie benchi la mbele.

Dada yako